Kidole Gumba cha Mama na Padi ya Mchezo



Wengi wetu tunao jamaa walioihama Pwani na kufuata riziki Nairobi. Wiki hii tumewatembelea baadhi yao mtaani Makongeni, kando ya Barabara ya Jogoo, jirani na Kaloleni na Mbotela. Huu ni miongoni mwa mitaa ya zamani ya Eastlands, uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Mwenyeji wetu ni dada mmoja, mzaliwa wa Mombasa, ambaye ametuomba tusimtaje jina. Alfajiri hukanda unga wa mahamri ya kuuza. Mchana huketi kwenye cherehani. Kazi zote mbili ni za mikono, na mikono yake ndiyo iliyotupeleka kwake.

Huenda baadhi yenu mkashangaa kusikia kwamba jambo alilotaka kutusimulia lilihusu mchezo wa runinga. Basi tusikilizeni hadi mwisho, kwani kisa hiki ni cha malezi kabla ya kuwa cha mchezo.

Mwanawe wa kiume ana umri wa miaka kumi na mitatu. Mwaka jana kijana huyo alianza kuchelewa kurudi nyumbani. Swala ya Isha ilikuwa ikiswaliwa naye angali kwenye kibanda cha michezo, mahali ambapo vijana hulipa shilingi chache na kucheza soka la kwenye runinga. Mama alipochunguza aligundua kwamba baadhi ya wakubwa pale hawachezi bure, bali huwekeana fedha, na anayeshindwa hulipa. Mwanawe alikuwa bado mtazamaji tu. Lakini mama mwenye akili hangoji moto ushike paa ndipo atafute maji.

Hakumpiga wala hakumfungia ndani. Alidunduiza fedha za mahamri kwa miezi kadhaa, akanunua mashine ya PlayStation 4 iliyokwisha kutumika, akaiweka chumbani. Kisha akamwambia, “Mwanangu, mchezo umeuleta nyumbani. Sasa nifundishe na mimi.” Wakakubaliana siku na saa: Jumamosi na Jumapili baada ya Alasiri, na kabla ya Maghrib mashine izimwe.

Mpango huo ulifanikiwa kwa majuma matatu. Katika juma la nne, kidole gumba cha mkono wa kulia cha mama kikakataa.

Maumivu yalitoka wapi?

Padi, yaani kile kifaa cha mkononi kinachoendesha mchezo, hushikwa kwa mikono miwili, lakini kazi kubwa hufanywa na vidole gumba. Gumba la kushoto husukuma kijiti cha kumkimbiza mchezaji. La kulia hubonyeza vitufe vinne vya kupasia, kupiga na kukaba. Vidole vya shahada hungoja nyuma kwenye vitufe vya mabegani, na vile vingine vitatu hukamata mpini tu.

Kano zinazoinua kidole gumba hupita kwenye ala nyembamba katika kifundo cha mkono. Zikitumikishwa kupita kiasi, ala hiyo huvimba na kano hukwama, na kila mwendo wa kidole huwa kama msumeno. Daktari mpasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, alieleza hali hiyo mwaka 1895, na mpaka leo yaitwa kwa jina lake. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, hasa mama wanaonyonyesha, kwa ule unyanyuaji wa mtoto usiokwisha.

Wala si jambo geni kwa wachezaji. Mwaka 1990 jarida la The New England Journal of Medicine lilichapisha barua ya daktari Richard Brasington kuhusu mwanamke wa miaka 35 aliyeumwa ukano wa kidole gumba baada ya kucheza mchezo wa Nintendo kwa saa tano mfululizo. 

Dada yetu hakucheza saa tano. Lakini kidole chake kilikuwa kimekwisha kuchoka kabla ya kuigusa padi. Unga wa alfajiri, mkasi wa mchana, kisha vitufe vya alasiri: mzigo mmoja juu ya mwingine, na wote juu ya kidole kimoja.

Padi ya kwanza, na kosa lake

Alidhani dawa ni padi ndogo. “Mkono wangu mdogo,” alituambia, “nikaona kitu kidogo ndicho kitanifaa.” Akanunua padi ya bei nafuu, ya kuigiza, nyepesi kama ganda la yai. Baada ya siku mbili maumivu yalizidi.

Sababu yake ni rahisi kuielewa. Mpini mwembamba huulazimisha mkono kukaza ili kuukamata, kama anavyokaza mtu ashikaye sindano kuliko ashikaye mwiko. Zaidi ya hayo, vitufe vya padi ile vilikuwa vigumu, na kila pasi ilidai nguvu. Wepesi wa kifaa ni neema, lakini hautoshi. Mpini uwe mnene kiasi cha kuujaza mkono bila kuukaza, na kitufe kiitike kwa mguso mdogo. Padi ya asili ya PlayStation 4 ina uzani wa gramu 210 hivi, na ile ya PlayStation 5 hufikia gramu 280. Tofauti hiyo ni ndogo dukani, lakini mkono unaouma huihesabu kila gramu.

Akaiweka kando, akaacha kucheza. Juma lililofuata, siku ya Jumamosi, mwanawe aliomba ruhusa ya kwenda kibandani.

Mto, na mikono mitatu

Mama hakumjibu mara moja. Alitwambia kwamba alikiangalia kidole chake, akauangalia mlango. Mtoto naye alimwangalia mama. Ndipo aliposema, “Mama, tuweke padi juu ya mto katikati yetu. Wewe mkimbize mchezaji kwa mkono wa kushoto. Mimi nitabonyeza upande wa kulia.”

Wakacheza hivyo dhidi ya mtoto wa jirani. Walifungwa mabao mengi, wakacheka sana, na mlango haukufunguliwa mpaka adhana ya Maghrib.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mtoto yule hakujua kwamba kampuni kubwa duniani zimekwisha kulifikiria jambo lilo hilo. Tangu mwaka 2017 mashine za Xbox huweza kuziunganisha padi mbili zikawa kama moja, ili mtu mwenye mkono mzima amsaidie mwenye mkono mgonjwa ndani ya mchezo mmoja. PlayStation 5 ilipata uwezo kama huo mwaka 2023. PlayStation 4 ya dada yetu haina uwezo huo, lakini mto wa kochi uliutimiza.

Kumpumzisha anayeumwa

Baada ya hapo walianza kutafuta kwa utaratibu, na hapa ndipo penye funzo ambalo twataka lifike katika kila nyumba. Swali la kwanza si “padi gani nzuri?” bali “kidole gani chauma, na ni kazi gani inayokiumiza?” Ukijua hilo, waweza kukiondolea kidole hicho kazi na kumpa mwingine.

PlayStation 4, tangu mwaka 2015, humruhusu mwenyewe kubadilisha kazi za vitufe. Mpangilio huo umo katika sehemu ya usaidizi kwa wenye ulemavu, na haulipiwi hata senti. Mtoto alikibadilisha kitufe cha pasi, kilichokuwa chini ya gumba la kulia, akakipeleka begani chini ya kidole cha shahada. Kisha akauzima mtetemo wa padi, kwa kuwa mkono wenye uvimbe haupendi kutikiswa. Mama akaendelea kuiegemeza padi juu ya mto mapajani, viwiko vimetulia na vifundo vimenyooka, ili mikono isiwe ndiyo nguzo ya kuibeba.

Mwisho walikwenda Luthuli Avenue, katikati ya jiji, mahali palipojaa maduka ya vifaa vya umeme. Safari hii mama hakununua kwa macho. Aliomba padi ya asili iliyotumika, akaishika kwa muda mrefu, akabonyeza kila kitufe. Muuzaji alimwambia, “Mama, hii ni nzuri, chukua tu.” Akamjibu, “Nzuri kwa nani, mwanangu? Ngoja kidole kiseme.” Ya tatu ndiyo aliyoichukua: mpini wake umejaa, vitufe vyake vimelainika kwa matumizi. Vijiti akavivika vifuniko vya mpira vyenye mkwaruzo, ili gumba lisiteleze na kulazimika kukaza.

Kwa wenye maumivu makubwa

Wako wasomaji ambao hali zao ni nzito zaidi: wenye baridi yabisi, waliopatwa na kiharusi, au waliozaliwa na mkono usiofunguka. Hao nao wametengenezewa vifaa. Microsoft ilitoa Xbox Adaptive Controller mwaka 2018, kwa bei ya dola 99.99 za Marekani. Ni kama sinia ndogo inayolazwa mezani, yenye vitufe viwili vikubwa vya kupigwa kwa kiganja, ngumi au kiwiko, na matundu 19 ya kuchomekea vitufe vingine, hata vya mguu. Sony nayo ilitoa Access kwa ajili ya PlayStation 5 mwezi Desemba 2023, kwa dola 89.99. Ni ya mviringo, hukaa mezani, na vifuniko vya vitufe vyake hubadilishwa kulingana na mkono wa mtu.

Hizo ni bei za Marekani wakati vilipotoka. Usafiri na ushuru huongeza. Na tahadhari moja: cha Microsoft hutumika kwa Xbox na kompyuta za Windows, na cha Sony kwa PlayStation 5. Ukimnunulia mgonjwa kifaa kisichoafikiana na mashine yake, umemnunulia pambo la kabati.

Mkiwa dukani

Shikeni padi kwa dakika tano, si kwa sekunde tano. Tazameni kama vidole vinakaza ili isianguke, vikikaza, iacheni. Bonyezeni kila kitufe kwa kidole kile kinachouma. Ulizeni kama kazi za vitufe zaweza kubadilishwa katika mashine yenu. Na mpelekeni mwenye mikono yake mwenyewe, kwani mkono wa mtu mwingine hauwezi kumchagulia.

Nyumbani, pumzikeni kila baada ya nusu saa. Katika baridi ya Nairobi ya mwezi Julai, ichovyeni mikono katika maji ya vuguvugu kabla ya kuanza.

Padi si daktari

Hatuna budi kusema wazi kwamba padi nzuri hupunguza mzigo, lakini haitibu ugonjwa. Mkiona viungo vya mikono yote miwili vimevimba na kukakamaa asubuhi kwa saa nzima au zaidi, au ganzi ya vidole inayoamsha usiku, au kidole kinachokwama, au maumivu yasiyotulia kwa majuma mawili, nendeni hospitali. Baridi yabisi ikiwahiwa mapema huweza kudhibitiwa. Ikicheleweshwa huviharibu viungo visirudi kama vilivyokuwa.

Akina mama wengi huyaficha maumivu ya mikono, wakiona ni sehemu ya kazi. Dada yetu naye aliyaficha kwa mwaka mzima, na lau si mchezo ule asingeyataja. Daktari alimpa kitambaa kigumu cha kukituliza kidole gumba na akamfundisha mazoezi. Na mwanawe, bila ya kuambiwa, alichukua kazi ya kukanda unga wa mahamri siku za Jumamosi. Mama asema mahamri ya mtoto hayajafura vizuri bado, lakini wateja hawajalalamika.

Tulipoaga ilikuwa imekaribia Maghrib. Mtoto aliinuka, akaizima mashine mwenyewe, akaiweka padi juu ya mto wake, akatoka kwenda kutia udhu. Mama alimtazama mpaka alipotokomea uani, kisha akakisugua kidole chake taratibu na kusema, “Alhamdulillahi. Chauma, lakini si kama jana.”

Mwenyezi Mungu awaponye wote wanaoumwa, na azijaalie nyumba zetu ziwe ndipo mahali watoto wetu wapendapo kurudi. Amin.