Namna ya kuokoa kasa bila kumtia mvuvi hasarani

KILA wavu unaposhushwa baharini hunasa zaidi ya kile alichokusudia mvuvi. Anayetafuta kamba hupata pia samaki wachanga, taa, papa wadogo na hata kasa, ambao wengi wao hutupwa majini wakiwa wamekufa.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilikadiria mwaka 2019 kwamba takriban tani milioni 9.1 za viumbe wa baharini hutupwa kila mwaka na wavuvi kote duniani. Uvuvi wa kukokota nyavu ndio unaolaumiwa zaidi, hasa ule wa kamba katika nchi za joto, kwa kuwa nyavu zake zina matundu madogo na hupita karibu na sakafu ya bahari wanakokulia samaki wachanga.

Kwa kasa, hatari ni kubwa zaidi. Ingawa huishi majini, mnyama huyu hupumua hewa kwa mapafu. Akinaswa katika wavu unaokokotwa kwa saa kadhaa, hufa kwa kukosa pumzi kabla ya wavu kupandishwa melini. Isitoshe, baadhi ya kasa huchukua zaidi ya miaka 20 kabla ya kuanza kutaga mayai. Kwa hivyo, pengo linaloachwa na kasa mmoja mzima huchukua muda mrefu kuzibika.

Dawa ya tatizo hili imejulikana kwa miaka mingi. Ni kiunzi cha fito za chuma kinachowekwa kimshazari katika shingo ya wavu. Kamba hupenya kati ya fito, zilizoachana kwa takriban sentimita 10, na kuingia katika mfuko wa wavu. Kasa hawezi kupenya. Akigonga fito huteleza hadi penye mwanya uliofunikwa kwa kipande cha wavu, akakisukuma na kutoka salama.

La kutia moyo ni kwamba wazo hili lilitoka kwa wavuvi wenyewe. Katika miaka ya 1960, mvuvi wa kamba wa jimbo la Georgia, Marekani, Sinkey Boone, alitengeneza kiunzi cha aina hiyo ili kuzuia yavuyavu, wale viumbe laini wanaowasha, wasijaze wavu wake. Baadaye wataalamu walitambua kwamba kingeweza kuwaokoa kasa pia. Kikiwekwa na kutumiwa ipasavyo, hutoa takriban asilimia 97 ya kasa wanaoingia wavuni. Mwaka 1989 Marekani ilipitisha sheria ya kuzuia kununuliwa kwa kamba kutoka nchi zisizowalinda kasa.

Nchini Kenya, mzozo kuhusu nyavu hizi umeonekana zaidi katika Ghuba ya Ungwana, kaskazini mwa Malindi. Mito ya Tana na Sabaki humwaga maji yake huko, na rutuba inayoletwa na maji hayo huwavutia kamba na samaki. Meli za kukokota nyavu zilianza shughuli katika eneo hilo miaka ya 1970.

Wavuvi wadogo walilalamika kuwa meli hizo zilikata nyavu zao na kutupa samaki ambao wangekuwa kitoweo na riziki ya familia zao. Uvuvi huo ulisimamishwa mwaka 2006, ukaruhusiwa tena mwaka 2011 chini ya mpango maalumu uliozitaka meli zikae mbali na ufuo na kupumzika katika miezi fulani ya mwaka.

Masharti hayo yanaonyesha jambo muhimu. Kiunzi cha chuma humwokoa kasa, lakini samaki mchanga mwenye ukubwa wa kamba hupenya pamoja na kamba. Huyo huokolewa na kanuni kuhusu mahali na majira ya kuvua. Kifaa bila kanuni, au kanuni bila kifaa, ni kazi nusu.

Hata hivyo, si meli pekee zinazonasa wanyama wasiokusudiwa. Jarife na nyavu nyingine za kutega zinazotumiwa na wavuvi wadogo hunasa kasa, pomboo na hata nguva. Nchini Peru, watafiti waliofunga taa ndogo za kijani kwenye nyavu waliona idadi ya kasa walionaswa ikipungua kwa takriban asilimia 64, ilhali samaki waliolengwa hawakupungua. Huko Watamu, wavuvi wanaomkuta kasa wavuni huwaita wahifadhi, ambao huwapa malipo kidogo ya kufidia muda na gharama zao, kisha kasa hurudishwa baharini.

Mifano hii yote ina fundisho moja. Mvuvi hukubali njia mpya iwapo haimnyimi kipato. Ndiyo maana taa na viunzi havipaswi kuwa mzigo wa mwenye mashua peke yake, bali viwekwe katika mipango ya serikali za kaunti na ya vikundi vya wavuvi wa ufuoni.

Kwa meli kubwa, nao ukaguzi ni lazima. Baadhi ya manahodha katika nchi mbalimbali wamewahi kunaswa wakiwa wameshona mwanya wa kiunzi wakihofia kupoteza kamba. Wavu kama huo ukikaguliwa kwa mbali huonekana umetimiza sheria, lakini kasa akiingia hana pa kutokea.