Matangi ya Mafuta Katika Ndege Ndogo ya Jeti

Aghalabu mtu anayeiona kwa mara ya kwanza ndege ndogo ya mfano ikipaa kwa mtambo wa turbini hustaajabia mlio wake na mbio zake, asijue ya kwamba salama ya chombo kile haitegemei mtambo peke yake, bali hutegemea pia matangi mawili au matatu ya mafuta yaliyofichwa kifuani mwake, pamoja na neli nyembamba zinazoyaunganisha. Mtambo hununuliwa ukiwa tayari, umekwisha kupimwa na mafundi waliouunda; matangi hufungwa na mwenye ndege kwa mikono yake, na hapo ndipo ustadi wake au uzembe wake unapodhihiri.

Mafuta yatumikayo ni mafuta ya taa, ya jinsi moja na yale yawakayo katika kandili na majiko ya nyumba nyingi za kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Mjerumani Kurt Schreckling aliwathibitishia watu kwamba mtambo wa namna hii waweza kuundwa katika karakana ya nyumbani, hata gurudumu lake la kushindilia hewa likiwa la mbao iliyozungushiwa nyuzi za kaboni; na tangu wakati huo sanaa hii imeenea na mitambo imezidi nguvu. Mtambo wa msukumo wa niutoni 100, ambao ni sawa na uzito wa kilo 10 hivi, hunywa takriban theluthi ya lita kwa dakika uendapo kwa nguvu zake zote. Kwa hiyo mruko wa dakika 8 wataka kiasi cha lita 3, ambazo uzito wake ni kilo 2 na nusu kasoro kidogo, na uzito huo wote hutoweka ndege ikiwa angani. Hii ndiyo sababu matangi makuu huwekwa kandokando ya mahali pa mizani ya ndege, yakikumbatia bomba la moto kulia na kushoto, ili yapunguapo pua isiinuke wala mkia usilemee. Na mizani yenyewe hupimwa matangi hayo yakiwa matupu.

Adui mkubwa wa mtambo huu ni kiputo cha hewa. Gurudumu lake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na moto wake huishi kwa mafuta yafikayo mfululizo. Hewa kidogo ikipita katika pampu yatosha kuuzima, na rubani aliyesimama chini hubaki hana la kufanya ila kuiteremsha ndege isiyo na nguvu popote itakapofika. Wala madhara hayaishii hapo, maana mtambo huu hauna mafuta ya kulainishia yaliyo mbali na yale ya kuwaka: oili ya turbini huchanganywa humo humo, kwa kiasi cha asilimia 5 hivi, na beringi hunyweshwa kutoka katika mchanganyiko huo.

Jambo linalowapotosha wengi ni kudhani kwamba tundu litajulikana kwa kuvuja. Pampu huvuta kutoka katika matangi, kwa hiyo palipo na ufa mwembamba kama unywele, mafuta hayatoki nje bali hewa huingia ndani, ilhali neli yote huonekana kavu na safi. Fundi mwangalifu hangoji kuona tone. Huzisugua ncha za neli za shaba, huzitia pete ya lehemu ili mpira usichomoke, kisha huukaza mpira juu yake kwa waya. Mpira wa silikoni hautumii, kwa maana mafuta ya taa huuharibu. Akimaliza huliosha tangi kwa mafuta, akilitikisa na kumwaga mara kwa mara hadi vumbi la nyuzi za kioo liishe, halafu huziba matundu yote ila moja, hulizamisha tangi katika karai la maji, na kupuliza taratibu kwa kinywa. Asiharakishe hapa: viputo vingine hupanda kimoja kimoja, baada ya kitambo.

Baina ya matangi makuu na pampu huwekwa tangi dogo lisilokuwa na budi kujaa daima, lenye mfuko wa kitambaa ambacho kikilowa hupitisha mafuta na kuzuia hewa. Ni hifadhi njema, lakini haiwezi kufidia kazi mbovu iliyo nyuma yake. Neli ya kuingizia hewa katika tangi la mwanzo nayo iwe pana, na kizibo chake kiondolewe kabla ya kuruka, kwani ikizibika pampu hulivuta tangi hata likabonyea na kupasuka.

Basi namsihi kila anayejenga ndege ya namna hii: kabla ya mruko wa kwanza, aifunge ndege imara ardhini, kizima moto kikiwa karibu, auendeshe mtambo kwa nguvu zote, na atazame neli angavu itokayo katika tangi dogo kwenda kwenye pampu. Akiona kiputo kikipita, auzime mtambo, ayatoe matangi, na asiruke mpaka alione tundu lenyewe.