MASHINE YA RANGI IKITEMA MATE

Kengele ya jioni ikilia sisi wanafunzi wa kutwa hatuendi wote kucheza. Mimi huelekea karakana ya mjomba wangu karibu na Soko Mugdi hapa Garissa. Huko tunachomelea mageti na kuyapaka rangi kwa mashine ya umeme ya kupulizia.

Likizo moja tulikuwa na geti la mteja wa Bula Iftin. Malipo ya kwanza tulikwisha kuyatumia. Yaliyobaki yangetolewa geti likichukuliwa kesho yake, na karo yangu ilikuwa humo humo. Asubuhi mashine ilipuliza rangi laini kama ukungu. Kufika saa sita, lahaula! Ikawa inatema mate tu, tone hapa, tone pale.

Mjomba akashika bisibisi. "Abti, mota imekufa. Naifungua." (Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo.)

"Abti, nipe nusu saa kwanza," nikamsihi.

Mashine yenyewe hufanya kazi hivi. Mota huzungusha feni. Feni huvuta hewa kupitia sponji ya kuzuia vumbi, ikaisukuma kwenye mpira hadi kwenye bunduki. Hapo upepo hugawanyika: mwingine hutokea mdomoni, mwingine hupita katika kijibomba chembamba na kuingia kikombeni, ukaikandamiza rangi ipande juu. Basi kuna njia mbili, ya upepo na ya rangi. Kwanza ujue ni ipi yenye kasoro.

Nilitoa kikombe, nikawasha mashine na kuweka kitambaa mbele ya mdomo. Kilipepea kwa unyonge. Kumbe upepo wenyewe ulikuwa haba! Nikachomoa plagi, nikatazama sponji: imejaa vumbi tele. Nikaiosha kwa sabuni na kuianika hadi ikakauka kabisa. Kwa jua letu, haikukawia. Kama sponji yako ni safi, kagua waya wa umeme. Waya mrefu na mwembamba hupunguza nguvu inayofika kwenye mota.

Sasa kitambaa kilipepea sawasawa, lakini rangi bado ilitoka kwa shida. Nikafuata njia ya pili. Joto la mchana lilikuwa limekausha thina, rangi ikawa nzito kama asali. Nikaongeza thina kidogo kidogo, nikaichuja kwa soksi kuukuu ya nailoni. Mdomo wa bunduki nikauloweka katika thina na kuusugua kwa brashi. Usitumie msumari, utapanua tundu. Mwisho nikazibua kijibomba na kukaza kikombe, kwa maana kikivuja upepo, rangi haipandi.

Tahadhari, ndugu zangu! Thina hushika moto upesi, basi sigara na cheche za kuchomelea zikae mbali. Funika pua na mdomo. Na zile mashine zinazosukuma rangi kwa shinikizo kubwa bila upepo, usielekeze mdomo wake kwenye mkono. Rangi yake hupenya ngozi.

Adhana ya alasiri ilitukuta geti linang'aa. Kesho yake lilichukuliwa, na karo ikapatikana. Mota haikuwa na kosa lolote. Mjomba alirudisha bisibisi sandukuni bila neno, lakini siku hizi mashine ikilegea, hutafuta kitambaa kwanza.