Mkongojo na Nyonga Katika Vilima vya Buha

Kati ya mwaka 1984 na 1991, Dkt. Godfrey Mbaruku na wenzake katika hospitali ya mkoa wa Kigoma walishusha vifo vya uzazi hospitalini humo kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000, wakitegemea zaidi watu na vifaa vilivyokuwepo palepale. Kazi hiyo inastahili sifa inayopewa. Hata hivyo, takwimu za vifo haziwezi kumfuata mama aliyesalimika hadi nyumbani kwake Kasulu au Kibondo, katika vilima vya Buha, nchi ya Waha, akiwa na mtoto mzima na mshono uliokauka, lakini hawezi kujigeuza kitandani wala kuvaa sketi akiwa wima bila kuchomwa na maumivu ya kinena au ya nyuma, juu kidogo ya makalio. Mwongozo wa kitaalamu wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2008 unakadiria kuwa mjamzito mmoja kati ya watano hupata maumivu ya mshipi wa nyonga. Wengi hupona miezi michache baada ya kujifungua. Lakini watafiti wa Sweden waliowafuatilia wanawake wenye maumivu hayo kwa miaka 11 walimkuta takriban mmoja kati ya kumi bado ameelemewa nayo. Kwa mwanamke huyu ninatetea jambo moja: apewe mkongojo mapema, uliopimwa kwa kimo chake, na afundishwe kuutumia, kwa uzito uleule anaopewa vidonge vya kuongeza damu.

Sababu yake imo katika hesabu ya nguvu. Nyonga si mfupa mmoja. Ni duara la mifupa lililofungwa kwa viungo vitatu: kimoja mbele kwenye kinena, na viwili nyuma ambako uti wa mgongo unakutana na mifupa ya nyonga. Viungo hivyo husogea milimita chache tu, na vinashikiliwa na kano pamoja na misuli inayobana kutoka pande zote. Ujauzito hulegeza kano hizo. Kila hatua tunayopiga ina kipindi ambacho mwili wote umesimama juu ya mguu mmoja, na hapo upande mmoja wa duara unasukumwa juu huku mwingine ukining'inia. Daktari wa mifupa wa Ujerumani, Friedrich Pauwels, alieleza mwaka 1935 hesabu ya kiungo cha paja, mlango ambamo nguvu ya mguu huingia kwenye duara hilo. Chukua mwanamke wa kilo 60. Akisimama kwa mguu mmoja, kilo 50 hivi za mwili zinaegemea kichwa cha mfupa wa paja, na uzito huo uko kama sentimita 10 pembeni yake. Misuli ya ubavuni inayozuia nyonga isianguke inavuta kutoka sentimita 5 tu, kwa hiyo lazima ivute kilo 100. Jumla, kiungo kinabanwa kwa kilo 150. Sasa mpe fimbo katika mkono wa upande usiouma, sentimita 40 kutoka kiungo hicho, aikandamize kwa kilo 5 tu. Misuli inabaki na kazi ya kilo 60, na kiungo kinabeba kama kilo 105. Kilo 5 za kiganja zimeondoa kilo 45 za nyonga. Vipimo vya watu halisi hutoa nafuu ndogo kuliko hesabu ya karatasini, lakini mwelekeo ni huohuo, na ndiyo maana mwaka 1956 Walter Blount, daktari wa mifupa wa Marekani, aliandika kuwasihi wenzake wasiutupe mkongojo.

Kuna ugunduzi wa Afrika Mashariki ambao huenda ukaonekana kuipinga hoja hii. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake walionyesha katika jarida la Nature kwamba wanawake wa Kijaluo na Kikuyu hubeba, juu ya kichwa au kwa kamba ya paji la uso, mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nishati ya ziada. Mtu anaweza kuhitimisha kwamba mama wa Kibondo aliyezoea ngata na ndoo tangu utotoni hahitaji kuegemea kitu. Lakini utafiti ule ulipima hewa ya oksijeni, yaani gharama ya mwendo, na haukupima mbano wa viungo. Ndoo ya lita 20 inabaki kilo 20 hata kwa mbebaji stadi, na kila kilo iliyoongezwa juu ya nyonga inazidishwa na misuli kama tulivyoona. Ustadi unaokoa pumzi. Kano iliyolegea hauiponyi.

Pingamizi zito zaidi hutoka kwa wataalamu wenyewe: fimbo italegeza misuli, na misuli ndiyo tiba. Ni kweli kwamba majaribio ya kulinganisha kuhusu mkongojo na maumivu haya ni machache mno, na mwongozo wa 2008 umeweka uzito wake kwenye mazoezi yanayolingana na hali ya mgonjwa. Naukubali mwongozo huo, na ndio unaonifanya niitetee fimbo. Maumivu yakidumu miezi, mfumo wa fahamu huzidi kuwa mwepesi wa kupiga kelele; mguso uliokuwa mdogo unasikika mkubwa. Mama hujikuta akilazimisha kazi zote siku ya nafuu, kisha analala siku mbili, na kila mzunguko unampunguzia nguvu. Ulinganisho wa haki basi ni kati ya mwanamke anayetembea kwa fimbo na yule aliyeacha kutembea, kwa sababu mwenye kutembea bila maumivu hakuhitaji fimbo tangu mwanzo. Anayefika shambani na kurudi amefanya zoezi. Aliyekaa barazani hakulifanya. Fimbo ipunguzwe kadiri nguvu inavyorudi: kwanza ndani ya nyumba, kisha kwenye njia tambarare, mwisho kwenye miteremko.

Wengine wanahofu kwamba fimbo itaficha ugonjwa. Hofu hii ina msingi, na inataka uchunguzi utangulie. Kifua kikuu huweza kuingia kwenye viungo vya nyonga, na homa ya brusela itokanayo na mifugo na maziwa mabichi hushambulia hasa viungo vile vya nyuma. Homa za jioni, kukonda au maumivu yanayozidi usiku mtu akiwa amelala ni sababu ya kupelekwa hospitali. Mama aliyekwama muda mrefu katika uchungu na sasa anaburuta unyayo ameumia neva. Yeye pia huhitaji fimbo, lakini pia achunguzwe fistula. Na maumivu ya tumbo la chini yanayofuata hedhi, yasiyobadilika mtu asimame au aketi, hayana uhusiano na hesabu ya Pauwels. Kwa ukaguzi wa kwanza hakuna haja ya mashine. Mama alale chali, anyanyue mguu ulionyooka sentimita 20 hivi. Ukimshinda, kisha ukawa mwepesi pale mhudumu anapomkaza nyonga kwa mikono miwili kutoka pembeni, tatizo liko kwenye duara lile.

Linabaki la mikono na macho ya watu. Fimbo kwa mzee ni heshima. Kwa mwanamke wa miaka 22 huzua maneno. Na mkono ulioshika fimbo haushiki jembe wala dumu. Hapa sina jibu la kisayansi, ila naona kwamba fimbo inalazimisha familia kukiri jambo walilokuwa wakilipita: kwamba maji na kuni za nyumba hii vinahitaji mtu mwingine, au baiskeli, kwa miezi kadhaa. Ndivyo ilivyo pia kwa wanawake wa kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta. Ripoti ya mwaka 2022 ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF inasema watu zaidi ya bilioni 2.5 wanahitaji kifaa saidizi kimoja au zaidi, na katika baadhi ya nchi maskini ni asilimia 3 tu ya wahitaji wanaovipata. Mkongojo ndio ulio rahisi kuliko vyote. Seremala yeyote wa Kasulu anaweza kuuchonga, mradi kishikio kifike kwenye kifundo cha mkono ulioning'inizwa, ili kiwiko kikunjike kidogo, na chini ugongelewe raba ya tairi, ileile ya katambuga, usiteleze kwenye udongo mwekundu wa masika. Maumivu yakiwa ya kinena au ya pande zote mbili, magongo mawili yanafaa zaidi. Kupanda kilima, mguu mzima utangulie. Kushuka, ianze fimbo pamoja na mguu unaouma.

Ratiba ya Tanzania tayari inamwita mama kliniki hadi siku ya 42 baada ya kujifungua. Siku hiyo mtoto hupimwa uzito. Mama naye aambiwe alale chali, anyanyue mguu.