Je, Wajua? Shimo la Ghorofa 26 na Ugomvi wa Wanaofia Humo

Je, wajua kwamba shujaa wa Pixel Dungeon, ukimpima kwenye picha yake ya asili, ana upana wa pikseli 12 na kimo cha pikseli 15 tu? Uso hana. Mpiganaji na mchawi utawatofautisha kwa mavazi, panya ni doa lenye mkia, kaa ni doa lenye magando. Na bado watu wazima, wenye kazi na madeni, hukesha wakibishana juu ya madoa hayo: yule kaa alinionea, au nilijitakia mwenyewe?

Mchezo huo ulitolewa Desemba 2012 kwa simu za Android. Mwenyewe ni Mrusi, Oleg Dolya, ambaye wachezaji wamezoea kumwita Watabou. Mchezo wenyewe unaelezeka kwa pumzi moja. Unashuka shimoni ghorofa baada ya ghorofa (ghorofa za huku zinaelekea chini, mniwie radhi), unapita mifereji ya majitaka, gereza, mapango, jiji la watu wafupi wa hadithini, kisha kumbi za mashetani. Unapiga, unapigwa, unakula njaa ikiuma. Ukifa, umekufa. Kwa kawaida harudi mtu pale alipofia. Unaanza tena juu kabisa, na shimo lenyewe limeshajipanga upya, vyumba vingine, milango mingine.

Kila kitu huenda kwa zamu. Usipogusa kioo, hata shetani wa ghorofa za chini anakusubiri. Ndiyo maana unachezeka kwenye daladala: unapiga hatua moja, unampa kondakta nauli, unarudi kumkuta adui kasimama vilevile na upanga wake juu.

Sasa waulize wachezaji wanauonaje, utakuta kambi mbili ambazo hazijapatana tangu siku ya kwanza. Kambi moja inasema huu ni mchezo wa bahati nasibu uliovaa joho la shujaa. Umekosa chakula, umekosa silaha, umefungua sanduku nalo likakuuma, maana kweli yapo masanduku yanayouma. Kambi ya pili inajibu kwa utulivu unaokera: kila kifo kina sababu, na sababu hiyo imeshika simu. Mimi nilikuwa kambi ya kwanza. Nilifia ghorofa ya nne mara nyingi kuliko ninavyotaka kuandika hapa, na kila mara nilikuwa na wa kumlaumu. Mara kaa, ambaye hutembea hatua mbili wewe ukitembea moja, hivyo kumkimbia ni kujichosha. Mara chupa niliyoinywa nikidhani ni dawa, kumbe moto, nami nimesimama katikati ya nyasi ndefu.

Hizo chupa zinastahili kusimama kidogo. Dawa shimoni hutambulikana kwa rangi, na rangi huchanganywa upya kila unapoanza. Nyekundu iliyokuponya jana leo ni sumu. Hati nazo zina alama zisizosomeka mpaka upate ujasiri wa kuzisoma. Mchezaji mchanga huinywa chupa ngeni akiwa mahututi, akiomba iwe ya kuponya. Mkongwe huinywa akiwa mzima, hana adui karibu, amesimama kando ya maji ili moto ukizuka ajitose. Chupa ni ileile, mmoja anaungua na mwingine analowa miguu.

Je, wajua kwamba malalamiko ya bahati yanaweza kuchunguzwa, tena na mtu yeyote? Mwaka 2014 Dolya aliweka wazi msimbo wote wa mchezo wake, kwa leseni inayomruhusu yeyote kuusoma, kuubadili na kuutoa upya. Shimo moja likazaa mashimo mengi: Sprouted Pixel Dungeon, Yet Another Pixel Dungeon, na mengine ambayo majina yake yanajaza ukurasa. Lililowazidi ndugu zake wote ni Shattered Pixel Dungeon la Evan Debenham, lililoanza mwaka huohuo wa 2014 na linaloongezewa mambo mpaka leo. Kwenye Android ni la bure, halina matangazo, wala halihitaji intaneti baada ya kulipakua, sifa ambayo mtu anayehesabu bando lake haipuuzi.

Waliousoma msimbo wa Shattered walikuta jambo ambalo wanung'unikaji hawakulitarajia. Hati za kuongezea kifaa nguvu, zile ambazo kila mchezaji anazililia, hazimwagwi ovyo. Zimepangiwa mgao: tatu kwa kila ghorofa tano. Dawa za kuongeza nguvu za mwili ni mbili kwa kila ghorofa tano. Ghorofa gani itatoa ipi, hilo ndilo la kubahatisha, lakini ukipekua kila kona hupunjwi. Aliyefika chini akiwa ameokota hati nne tu aliruka vyumba.

Kuna zaidi. Ukikuta mlango umezibwa kwa mbao, fahamu kwamba ghorofa hiyohiyo ina chupa ya moto imelala mahali. Ukikuta chumba kimejaa maji na samaki wa piranha, na sanduku linakukonyeza upande wa pili, basi dawa ya kukufanya usionekane ipo jirani. Shimo linakupa kufuli na ufunguo kwa pamoja, ila halikwambii kwamba huu ni ufunguo. Ndiyo kusema chupa ngeni iliyookotwa kwenye ghorofa yenye mbao mlangoni si ya kuinywa kwa pupa. Niliposoma hayo nilikumbuka zile nyasi ndefu, nikanyamaza.

Mwaka 2022 Shattered iliongeza jambo lililotia mchanga kitumbua cha kambi ya kwanza. Kila shimo sasa lina mbegu, yaani herufi tisa ambazo ukiziandika unapata shimo lilelile, vyumba vilevile, kaa yuleyule kwenye kona ileile. Pia kuna shimo la siku, moja kwa wachezaji wote duniani. Wawili wanapewa mbegu moja, mmoja anafia ghorofa ya tatu, wa pili anafika chini kabisa na kutoka. Bahati ni sawa kwa sawa. Kilichobaki ni mikono. Wanaojua bao wataelewa haraka, maana nalo ni mchezo wa mashimo na mbegu: mashimo 32, kete 64, na hakuna mtu aliyewahi kufungwa bao akasema amepangiwa kete mbaya. Tofauti ni kwamba kwenye bao kila kitu kiko wazi machoni. Huku chini nusu ya mambo yako gizani, na ustadi ni kuishi vizuri na giza hilo.

Wapo hata waliochoka kushinda. Shattered ina masharti tisa ya hiari ya kujitesa. Moja linageuza dawa ya kuponya kuwa sumu, jingine linanyofoa nusu ya hati za kuongezea nguvu, jingine linakifanya chakula kishibishe kidogo. Kuna wachezaji wanaowasha yote tisa kwa mpigo na kufika mwisho. Ukikutana na mmoja wao usimsimulie habari za kaa.

Je, wajua kwamba ghorofa 26 ni namba ya kurithi? Babu wa michezo hii ni Rogue, jina lenye maana ya ayari, iliyoandikwa karibu na mwaka 1980 na wanafunzi Michael Toy na Glenn Wichman huko Santa Cruz, California, kisha akaongezeka Ken Arnold wa Berkeley. Hapakuwa na pikseli za kuchora. Shujaa alikuwa alama ya @, ileile ya barua pepe, na madubwana yalikuwa herufi kubwa kutoka A hadi Z, jumla 26. Hirizi iliyotafutwa ilianza kupatikana ghorofa ya 26. Iliitwa Hirizi ya Yendor. Lisome jina hilo kinyumenyume upate Rodney. Zaidi ya miaka 30 baadaye Dolya aliiweka hirizi yenye jina hilohilo kwenye shimo lake, ghorofa ya 26. Hata mchezo wa kuchanganya rangi za dawa umetoka huko.

Arnold ndiye aliyeandika maktaba ya programu iliyowezesha kuitua herufi popote kwenye kioo cha kompyuta. Iliitwa curses, neno linalomaanisha laana, na sidhani kuna jina lililowahi kuufaa mchezo zaidi ya hilo.

Toy na Wichman walikuwa na kero moja. Michezo ya matukio ya zama zao, ukiimaliza mara moja umeimaliza, na aliyeitunga hawezi kuicheza kwa sababu siri zote anazo. Walitaka shimo litakalowashtua hata wao. Hapo ndipo vyumba vikaanza kupangwa na kompyuta yenyewe. Kifo cha moja kwa moja nacho kilikuja na sababu yake: faili la mchezo uliohifadhiwa lilifutwa pale tu ulipolifungua, ili uamuzi wa kunywa chupa uwe uamuzi kweli. Watu wakajifunza kunakili faili kwa siri. Ulaghai katika mchezo unaoitwa Ayari, nani angeshangaa?

Kabla ya Rogue ilikuwepo michezo mingine. Mwaka 1975 kwenye mtandao wa kompyuta wa PLATO, Chuo Kikuu cha Illinois, kulikuwa na mchezo wa shimoni uliofichwa chini ya jina kavu la pedit5 ili wakubwa wasiugundue. Waligundua, wakaufuta.

Lakini ushahidi ninaoupenda katika ugomvi wa bahati na akili ulitoka Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Mwaka 1981 wanafunzi wa huko waliandika programu ya kucheza Rogue badala ya mtu, wakaiita Rog-O-Matic. Iliwashinda wengi wa mabingwa wa chuoni, na ikafika kuitoa hirizi. Mmoja wa waandishi wake, Michael Mauldin, ndiye aliyekuja kuanzisha Lycos, mtambo wa kutafuta kurasa za intaneti. Ukisikia hayo utadhani kompyuta zimeshawamaliza binadamu. Ruka hadi 2021: mashindano ya akili bandia yalifanyika kwa NetHack, mjukuu wa Rogue aliyezaliwa 1987 na mwenye mambo mengi kupita kiasi. Programu zilizoandikwa kanuni kwa mkono ziliziacha mbali zile zilizojifunza zenyewe, na hata hivyo hakuna iliyomaliza mchezo. Binadamu wanaumaliza.

Wachezaji, hata hivyo, hawagombani juu ya bahati peke yake. Mwaka uleule wa 2014 alipoweka wazi msimbo, Dolya aliingiza kanuni kwamba silaha na mavazi ya vita vichakae kwa kutumika. Kwa akili ya kawaida ni haki, hata jembe huisha. Walionuna walinuna kweli: umehangaika ghorofa kumi kukiimarisha kifaa kimoja, kisha kinakufia mkononi polepole. Shattered haikuifuata kanuni hiyo, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya wengi kuhamia huko. Mimi nipo upande wa walionuna. Shimo likiniua kwa ujinga wangu nitarudi; likiniua kwa kutu, nitafuta programu.

Halafu wapo wabishi wa ukoo, wanaouliza mchezo gani unastahili kuitwa wa aina ya Rogue. Mwaka 2008 watengenezaji walikutana Berlin wakaandika orodha ya sifa: zamu, kifo cha moja kwa moja, vyumba vya kubahatisha, na kadhalika. Tangu hapo kila mwenye orodha ana adui.

Na neno lenyewe la Kiingereza, dungeon, limeanguka kutoka juu. Asili yake ni donjon ya Kifaransa cha kale, nayo ilikuwa mnara mkuu wa ngome, sehemu ndefu kuliko zote. Waingereza ndio walioliteremsha hadi kwenye selo za chini. Dolya amefanya safari ya kinyume: siku hizi anajulikana pia kwa programu inayochora ramani za miji ya kubuni ya mtindo wa kale wa Ulaya, kuta, soko, kanisa, vichochoro, mji mpya kila ukibofya. Aliyetupoteza kwenye mifereji ya majitaka sasa anachora barabara zilizo juu yake.

Anayefika ghorofa ya 26 na kuishika hirizi huulizwa na mchezo kama ametosheka hapo au bado ana kazi. Akitosheka, amemaliza. Akikataa, anaweza kuipanda njia yote aliyoshukia, kwa miguu, hadi kwenye jua. Hata hapa kambi ziko mbili: wanaosema ushindi ni kuishika hirizi, na wanaosema mwizi ambaye hajatoka nyumbani kwa mtu bado hajaiba. Mimi bado sijaulizwa.