Mti wa Mjini Wahitaji Mlinzi



Tarehe 5 Juni 1977 wanawake wa Kenya, wakiongozwa na Wangari Maathai, waliandamana mjini Nairobi hadi Kamukunji, na huko wakapanda miti saba. Mingi kati ya miti hiyo ilikufa. Hata hivyo, hapo ndipo ulipozaliwa mwendo wa Ukanda wa Kijani ambao baadaye ulipanda miti kwa mamilioni, na mwaka 2004 mama huyo akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Siri yake ilikuwa moja: kina mama walilipwa senti chache kwa mche uliopona, wala si kwa mche uliopandwa.

Jambo hili latuhusu sisi tunaoishi mijini chini ya mabati. Bati hupata joto kali juani, nayo lami hunywa jua mchana kutwa, kisha huurudisha moto huo usiku, watoto wakashindwa kulala. Kivuli cha mti hulizuia jua kabla halijafika ukutani, na unyevu utokao majanini huipoza hewa. Aidha, mizizi huushika udongo. Kampala ni mji wa vilima. Kilima kikiwa uchi, tope lake huteremka na mvua, huziba mitaro, na maji huingia katika nyumba za walioko bondeni, kama wanavyojua vema watu wa Bwaise.

Basi, kwa nini mitaa yetu bado mitupu? Miche hupandwa. Mgeni rasmi humwagia mmoja maji, hupigwa picha, akaondoka. Kesho yake mbuzi wamefika.

Kambi na laini za polisi zina kitu ambacho mitaa mingi haina, nacho ni zamu. Mche upandwe mvua zinapoanza, mbali na nyaya za umeme na misingi ya nyumba, uzungushiwe ua wa miti, na wakati wa kiangazi unyweshwe maji jioni. Mwembe na mfenesi hutoa kivuli na chakula pia; mkaratusi haufai karibu na kisima, kwani hunywa maji mengi mno. Na kwa kuwa askari huhamishwa, miche ihesabiwe na kuandikwa katika kitabu cha makabidhiano, ili anayeingia zamu aipokee ikiwa hai na atie sahihi.