Jangwa Lililo Kileleni mwa Kilimanjaro

Gari litokalo Dar es Salaam kwenda Arusha hupita Kabuku, kati ya Mkata na Segera, penye mashamba ya mkonge. Miamba iliyo chini ya ardhi ya Handeni na Korogwe ni naisi, yaani miamba ya kale iliyogeuzwa umbo kwa joto na mgandamizo mkubwa ndani ya dunia, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Volkano hapo hakuna. Lakini msafiri akiendelea, akapita Mombo na Same mpaka Himo, hukabiliwa na mlima ambao, kwa hesabu ya wataalamu wa miamba, bado ni mtoto mchanga.

Kilimanjaro ulianza kujengeka kiasi cha miaka milioni 2.5 iliyopita. Nao si volkano moja, bali ni tatu zilizoungana: Shira, Mawenzi na Kibo. Shira ilibomoka, na Mawenzi imeliwa na mmomonyoko hata yakabaki magenge. Kibo, yenye kimo cha mita 5,895, ndiyo changa kuliko zote, na katika kreta yake mvuke wenye harufu ya salfa ungali ukifuka.

Wengi hudhani kwamba kilele chenye theluji ni mahali pa unyevu mwingi. Sivyo. Sehemu kubwa ya mvua huishia katika msitu ulio mbavuni mwa mlima, na hewa ifikayo juu huwa imekwisha kuacha maji yake njiani. Juu ya Kibo pana majivu ya volkano, mawe na ukavu. Ni jangwa, ijapokuwa ni jangwa la baridi. Wastani wa halijoto huko ni kama nyuzi 7 za Sentigredi chini ya sifuri. Basi, ikiwa pana baridi kiasi hicho, barafu inakwishaje?

Jibu laweza kuonekana kabatini. Vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo hupungua siku hadi siku bila kuacha tone la maji, kwa kuwa hugeuka mvuke moja kwa moja. Barafu ya Kibo nayo, katika hewa kavu na jua kali, hupotea kwa sehemu kubwa kwa njia hiyo, ingawa kuta zake zilizoelekea jua huyeyuka pia. Kinachoiokoa ni theluji mpya, ambayo kwa weupe wake hurudisha miali ya jua. Theluji ikikosekana, barafu iliyochakaa kwa vumbi hufyonza joto na kuisha upesi.

Kwa hiyo barafu hiyo ni daftari la unyevu utokao Bahari ya Hindi, bahari ile ile iletayo masika na vuli katika mashamba ya Kabuku. Mwishoni mwa karne ya 19 hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilikauka ghafla, na barafu ikaanza kurudi nyuma. Ongezeko la joto duniani likazidisha. Mwaka 1912 ilienea kilomita za mraba 12 hivi. Mwaka 2011 zilikuwa hazifiki 2.

Mwaka 2000, Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, pamoja na wenzake, walitoboa barafu hiyo mahali sita, shimo refu kuliko yote likiwa na mita 50 hivi. Walikadiria kuwa tabaka la chini lina miaka 11,700, wakati Sahara ilipokuwa na maziwa na nyasi. Katika kiini kimoja waliona utepe wa vumbi wenye unene wa milimita 30 hivi, dalili ya ukame mkali wa miaka 4,000 iliyopita. Makadirio hayo yamepingwa: wataalamu wengine husema barafu ya kileleni huenda ilikwisha kabisa na kuota tena zaidi ya mara moja. Hoja yao ina uzito, maana kitu kinachopotea upesi hivyo ni vigumu kudai kwamba kilidumu maelfu ya miaka bila kukatika.

Yapo matope ya kulinganishia. Ziwa Chala, lililo katika kreta upande wa mashariki wa mlima, mpakani mwa Tanzania na Kenya, limekuwa likilaza matope tabaka juu ya tabaka. Mwaka 2016 yalichimbwa kwa kina cha zaidi ya mita 200. Ubashiri kwamba barafu ya Kibo ingekwisha kati ya 2015 na 2020 haukutimia. Mabaki yangalipo, yamegawanyika vipande vipande. Sehemu ya viini vilivyochimbwa imehifadhiwa katika vyumba vya baridi huko Columbus, Ohio.